Likizo ya uzazi: wazazi wagawane wenyewe, au baba atengewe siku zake?

Mpango wa kwanza unaonekana wa haki kabisa. Serikali inatoa siku, wazazi wanapanga nani abaki na mtoto. Uswidi ilianza hivyo mwaka 1974, ikiwa nchi ya kwanza kumruhusu baba kuchukua likizo hiyo sawa na mama. Uhuru ulikuwepo, lakini akina baba waliochukua walikuwa wachache mno. Sababu si ngumu kuona: mwenye mshahara mdogo ndiye hubaki nyumbani, na mara nyingi ni mama. Halafu kuna bosi anayenuna, na ndugu wanaouliza huyu mwanamume ana nini.

Mpango wa pili unamtengea baba sehemu yake, asipoichukua, inapotea. Norwe ilianza mwaka 1993, Uswidi ikafuata 1995 kwa mwezi mmoja. Leo Uswidi kila mzazi ana siku 90 zisizohamishika, kati ya 480 za mtoto mmoja.

Wapo wanaosema huku ni kuingilia nyumba za watu. Nawaelewa, hasa kwa familia ambayo mshahara wa baba ndio unaolipa kodi ya nyumba. Ndiyo maana malipo ya likizo yakiwa kiduchu, mpango huu hautasaidia kitu. Lakini yakitosha, mimi nauchagua huu bila kusita. Baba aliyebaki peke yake na mtoto anayelia usiku hahitaji tena kuambiwa “msaidie mama”. Anajua ni kazi yake.