Chase Sapphire Preferred kwa msafiri wa kwenda nyumbani: dola 95 zinarudi wapi?

Watazamaji wapendwa, kadi hii ninayoishika mbele ya kamera, namba zake nikiwa nimezifunika kwa kidole gumba, ni Chase Sapphire Preferred, kadi ya mkopo inayotolewa Marekani kwa ada ya dola 95 kwa mwaka. Nimesafiri nayo mara mbili kwenda Tanzania pamoja na familia yangu, na leo ninaipima kwa jicho la mtu anayeishi ughaibuni ambaye likizo, kwake, maana yake ni kwenda kuwaona wazazi.

Nianze na pointi, kwa kuwa ndizo zinazotangazwa zaidi. Kadi hutoa pointi 3 kwa kila dola unayotumia kwenye migahawa na pointi 2 kwenye safari, na ukizigeuza kuwa fedha taslimu, kila pointi ina thamani ya senti 1. Unaweza pia kuzihamishia kwenye Flying Blue, mpango wa maili (yaani pointi za kulipia tiketi) wa mashirika ya ndege ya Air France na KLM, pointi moja kwa maili moja, na hapo ndipo zinapotufaa sisi, maana KLM hufika Kilimanjaro na Dar es Salaam. Kabla ya kuhamisha, piga hesabu: chukua nauli, toa kodi na tozo ambazo utazilipa kwa fedha hata ukitumia maili, kisha gawanya kinachobaki kwa idadi ya maili zinazodaiwa. Tiketi ya dola 1,400 inayodai maili 70,000 pamoja na tozo za dola 350, kwa mfano, inaipa kila pointi thamani ya senti 1.5, ambayo si haba. Thamani ikishuka chini ya senti 1, lipa fedha na uzitunze pointi zako. Usihamishe chochote kabla hujakiona kiti chenyewe, kwa sababu pointi zikishavuka hazirudi. Ninakiri kwamba mwezi wa Desemba, ambao sote tunautaka, hesabu hii hunikatalia mara nyingi.

Kilichonifanya nibaki na kadi hii ni bima zake. Mzigo ukichelewa zaidi ya saa 6, bima hurudisha gharama za mahitaji ya lazima hadi dola 100 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 5, mradi nauli ililipwa kwa kadi hiyo au kwa pointi zake. Mwaka juzi tulisimama mbele ya mkanda wa mizigo katika Uwanja wa Julius Nyerere hadi ukazimwa, na sanduku la binti yangu halikutokea. Lilifika siku ya tatu. Kabla ya kutoka uwanjani niliomba karatasi ya taarifa ya mzigo uliochelewa, na kesho yake tukaingia Kariakoo kumtafutia magauni mawili, viatu na nguo za ndani. Mwenye duka alinitajia bei mbili, ya bila risiti na ya risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, nami nikachagua ile ya juu, jambo lililomshangaza yeye na kumuudhi dada yangu, aliyedhani kwamba Marekani imenisahaulisha kupatana bei. Risiti hizo, pamoja na ile karatasi ya uwanjani, zilinirudishia dola 118, yaani ada ya mwaka mzima na chenji juu. Ndege nayo ikichelewa saa 12 au ikakulaza njiani, bima hulipa chakula na malazi hadi dola 500 kwa kila tiketi, na hapo pia utadaiwa risiti.

Kadi nyingi za Marekani hutoza takriban asilimia 3 kwa kila muamala wa nje ya nchi, lakini hii haitozi, kwa hiyo katika matumizi ya dola 2,000 unaokoa dola 60 bila kufanya lolote. Hata hivyo, mashine ikikuuliza kama unalipa kwa dola au kwa shilingi, chagua shilingi. Ukichagua dola, fedha zitabadilishwa palepale kwa kiwango ambacho kwa kawaida ni kibaya kuliko cha mtandao wa kadi, yaani Visa. Uliza pia kama hoteli inamwongezea bei anayelipa kwa kadi, kwa sababu zipo zinazofanya hivyo, na nyongeza ya asilimia 4 humeza akiba yote niliyoitaja.

Kwa wanaokodi gari, bima ya kadi hulipa uharibifu wa gari hilo bila kupitia kwanza bima yako binafsi, ilimradi umelipia ukodishaji wote kwa kadi na umeikataa bima ya uharibifu ya kampuni. Haimlipi mtu uliyemgonga. Vilevile, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kununua bima ya dola 44 ya Shirika la Bima la Zanzibar hata kama wana bima nyingine, kwa hiyo wewe mwenye pasipoti ya Marekani, hata kama bibi yako amezikwa Makunduchi, kadi hii haikuokoi hapo.

Mambo yote haya yanategemea kulipa deni lote kila mwezi. Riba ya kadi inazidi asilimia 18 kwa mwaka; nauli ya dola 3,000 itakupa pointi 6,000, yaani dola 60, lakini deni hilo ukiliburuza mwaka mzima utalipa riba inayokaribia au kupita dola 500. Kama bado unalo deni katika kadi nyingine, nakushauri uahirishe hii hadi ulimalize.

Yangu inatimiza mwaka mwingine mwezi ujao, na dola 95 zitakatwa tena. Nimeshanunua tiketi za Juni kwa kadi hiyohiyo, na safari hii nguo za binti yangu nimezigawa katika masanduku mawili.