Kichujio cha tangi la frontosa: uliza kwanza kinafanyaje umeme ukirudi

Frontosa wangu mmoja alikufa alfajiri, dakika chache baada ya umeme kurudi. Ulikuwa umekatika usiku kucha. Uliporudi, taa ya tangi iliwaka yote kwa mpigo, samaki sita waliokuwa gizani wakatimka ovyo na huyo mmoja akajibamiza kwenye kioo. Nilimkuta ameegemea jiwe, mdomo umechubuka hadi nyama nyeupe inaonekana, na gamba lake moja limeganda kwenye kioo. Kichujio kilikuwa kinanguruma, lakini hakitoi hata tone. Kilikuwa kimeingia hewa. Kufika jioni, kipimo cha amonia, ile sumu inayotokana na kinyesi cha samaki, kilikuwa kijani, yaani imeanza kujaa majini.

Kichujio hicho hakina jina la maana. Nilikinunua kwa sababu boksi lake liliandikwa kinatosha tangi la lita 500. Ndiyo maana leo sitazungumzia lita kwa saa, kelele wala umbo. Hayo utayasoma kwenye kila boksi. Mimi nataka ujue jambo moja: umeme ukirudi saa tisa usiku na wewe umelala, kitaanza chenyewe?

Frontosa anatoka Ziwa Tanganyika. Hufika sentimita 30 na kupita, hukaa kwenye kina penye mwanga hafifu, na huwanyemelea samaki wadogo kabla hakujapambazuka, wakiwa bado wamelala. Mwindaji, lakini moyo wake ni wa swala. Na maji yake ndiyo yanayoongeza hatari. Ziwa lina pH (kipimo cha asidi na alkali majini) karibu 9. Kwenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8.5, maji yakiwa nyuzi 25, ni kama asilimia 15. Kichujio kikilala usiku mmoja, samaki huyu anaumia kuliko wengine wengi.

Chaguo langu la kwanza ni Seachem Tidal 110, na sifichi kwamba naipendelea. Ni ya kuning'iniza nyuma ya tangi. Mota yake iko chini, ndani ya maji, kwa hiyo umeme ukirudi inavuta maji yenyewe bila kumiminiwa kikombe. Tena boksi lake liko wazi, bakteria wanaoishi ndani yake na kula amonia wanapata hewa hata pampu ikisimama. Kwa tangi la lita 450, ambalo kwangu ndiyo mwanzo kwa frontosa, funga mbili, kila moja na soketi yake.

Ya pili ni Eheim Classic 600, ile ya chombo kilichofungwa kinachokaa chini ya meza na mabomba mawili. Ni kazi ya Wajerumani, imara kweli, na ikiwa imejaa maji huanza tena vizuri. Kasoro ni kule kufungwa kwenyewe: umeme ukikosekana saa nyingi, hewa ndani inaisha, bakteria wanakufa, na ukiiwasha inarudisha maji yanayonuka kwenye tangi. Ikilala usiku mzima, fungua, mwaga, suuza kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Sponji na pampu ya hewa ni bei rahisi na huanza yenyewe. Weka moja kama akiba, na kivalvu cha kuzuia maji yasirudi kwenye pampu. Vile visivyo na jina, viache dukani.

Sasa wauzaji. Nimeomba mara tatu, maduka matatu, wanijaribishie kichujio kwenye ndoo: washa, chomoa dakika 10, chomeka tena. Wote walikataa, eti kikilowa hakiuziki. Lakini pesa yangu ikishapokelewa, kikigoma nyumbani ni kosa langu. Bei nayo inapanda kila wiki na jibu ni lilelile, dola imepanda, hata kwa mzigo uliokaa rafuni mpaka boksi limepauka. Na wale wanaosema "acha maji yatulie siku tatu, kisha tia samaki" wanauza vifo.

Kuivisha tangi, yaani kufuga hao bakteria kabla ya kutia samaki, huchukua wiki 4 hadi 6. Ondoa klorini kwenye maji ya bomba, maana inaua bakteria unaowafuga. Weka amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome 2 (miligramu kwa lita), na uongeze kila inapoisha. Amonia inageuka nitriti, nitriti inageuka nitrati. Siku utakayoweka 2 na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zisome 0, limeiva. Nunua vipimo vya matone vya kampuni ya API. Karatasi za kuchovya nyingi hazipimi amonia kabisa. Ile chupa ya pili ya kipimo cha nitrati itikise sekunde 30 kwa nguvu, la sivyo inakudanganya.

Taa nimeitoa kwenye soketi inayowaka yenyewe. Naiwasha kwa mkono, taa ya sebuleni ikiwa imewaka robo saa kabla. Kioo cha nyuma na vya pembeni nimevibandika karatasi nyeusi, na mawe yamepangwa kila samaki awe na pango lake.

Watano waliobaki wako kwa rafiki yangu. Tangi langu leo ni siku ya 31. Amonia niliyoweka jana saa mbili usiku imeisha, nitriti bado inasoma 0.5, na jana hiyohiyo umeme ulikatika mara mbili. Tidal zote mbili ziliwaka zenyewe.