Kilwa Kisiwani na muongoza wageni: inalipa, ila mambo ya boti panga mapema

Jamani kama uko Kilwa Masoko na una nusu siku usiishie kula pweza ufukweni, vuka uende Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Kibali unachukulia mjini kabla hujavuka, na chukua muongoza wageni, usijifanye mjuaji maana bila maelezo utaona magofu tu. Wa kwetu kijana wa hapohapo kisiwani, Kiswahili kitamu, kila ukuta ana stori yake. Ile ngome inayoitwa Gereza fresh, Wareno walijenga ngome pale 1505 Waomani wakaja wakaijenga upya, lakini Msikiti Mkuu ndo habari yenyewe. Upande wa zamani hauna paa, ukiingia upande wa kuba kunakuwa na ubaridi hivi, na ukisogea kwenye nguzo unaona kabisa yale mawe ya matumbawe yana vitundu vyake.

Husuni Kubwa ni mbali kidogo na jua halina huruma, bebeni maji, ila usiruke. Jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyohuyo aliyempokea msafiri maarufu wa Morocco, Ibn Battuta, 1331, na bwawa la pembe nane juu ya bahari, hela ya biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya kale huko Msumbiji, ilikuwa inaongea sio mchezo!

Kilichoniudhi ni mwenye boti, tumekubaliana bei ya kwenda na kurudi, kufika kule anataka aongezwe eti upepo umebadilika. Sasa upepo nimeuleta mimi? Mkubaliane mbele ya muongozaji wako. Nyota nne, moja nimemnyima huyo.