Picha Ilipigwa Maji Yamejaa: Fukwe Tatu Tulizojaribu na Watoto

Nina watoto watatu. Mkubwa ana miaka 10 na anajiona samaki, wa kati ana 7, na kitinda mimba ametimiza 3 juzi tu. Ongeza mama mkwe wangu, ambaye goti lake la kushoto ndilo linalopanga ratiba ya familia nzima. Miaka mitatu mfululizo tumekwenda likizo ya baharini, kila mwaka ufukwe mwingine, na zote tatu nilizichagua mimi. Sitazitaja majina, maana makosa mengi yalikuwa yangu.

Wa kwanza niliuchagua kwa picha. Mchanga mweupe kama unga, maji ya rangi ile ya kuvutia macho yakigusa ngazi za nyumba ya wageni, na chini yake wameandika: mita 20 hadi baharini. Tulifika saa saba mchana. Watoto hawakusubiri hata mabegi yashuke, walichomoka na ndoo zao. Dakika mbili baadaye wa kati akarudi peke yake.

"Mama, bahari iko wapi?"

Nikadhani ananitania. Nilipotoka nikaona uwanda wa mchanga uliolowa, mwani, madimbwi na mawe, na mbali kabisa kamstari keupe ka mawimbi. Zile mita 20 zilikuwa za kweli, ila mara mbili tu kwa siku.

Kwamba maji hupwa na kujaa nilijua, nisingeweza kusema sijui. Ambacho sikufanya ni hesabu. Katika pwani nyingi, kutoka maji kujaa hadi kujaa tena hupita kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku saa za maji husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukiyakuta yamejaa saa nne asubuhi siku ya kwanza, wiki haijaisha saa hiyohiyo utakuta yametoka. Halafu sisi tulifika siku mbili baada ya mwezi mpevu, bamvua lenyewe, wakati jua na mwezi vinavuta kwa pamoja na maji hujaa sana na kutoka sana. Na ufukwe ulikuwa bapa. Ukishuka mita 1 tu kwa kila mita 100, na maji yakipungua kina kwa mita 3, bahari imekukimbia mita 300. Hapo ndipo mama mkwe alipoliangalia goti lake, akaniangalia mimi, akaagiza kiti.

Si kila bahari iko hivyo. Sehemu kubwa ya Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo mno hata mgeni hatambui, ilhali Ghuba ya Fundy kule Kanada tofauti hufika kama mita 16. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kulipia chochote si mchanga una rangi gani. Ni maji yanatoka umbali gani, na saa ngapi katika siku zako.

Lakini niutendee haki ufukwe ule. Maji yakitoka huacha vidimbwi vya moto-moto, vya kina cha kifundo cha mguu, na kitinda mimba, aliyekuwa na mwaka mmoja, alikaa humo kama mfalme kwenye beseni. Wa kati alichutama saa nzima akimtazama kaa mmoja akihama kutoka jiwe hadi jiwe. Kasoro ni kwamba hatukubeba viatu vya majini. Mkubwa alikanyaga kile kiumbe cha duara chenye miiba mirefu myeusi, tukashinda jioni nzima na kibano, mguu wake ukiwa kwenye maji ya moto ya kuvumilika, ambayo kwa kweli yalimpunguzia maumivu. Nyota tatu.

Mwaka wa pili nikapania: safari hii bahari haitanikimbia. Nikatafuta ufukwe ambao maji yanabaki karibu siku nzima, nikaupata. Mchanga wake ulikuwa wa dhahabu, punje kubwa-kubwa kama sukari ya kahawia. Hiyo punje ilikuwa inaniambia kitu na mimi siisikii. Mchanga mnene kwa kawaida hukaa kwenye mteremko mkali, mchanga laini hulala bapa. Wimbi likipanda, maji yake huzama haraka kati ya punje kubwa badala ya kurudi na mchanga, basi ufukwe hujijenga mwinuko. Kwa mzazi maana yake ni hii: hatua ya kwanza maji yako kwenye kifundo, ya tatu yako kifuani kwa mtoto, na wimbi linavunjikia hapohapo ukingoni. Kitinda mimba alipigwa chini mara mbili asubuhi ya kwanza, akaapa kwa lugha yake ya miaka miwili kwamba harudi.

Nikaamua kutafuta mahali patulivu. Kulia mawimbi yanavunjika, kushoto yanavunjika, katikati kuna kichochoro cha maji yaliyotulia, rangi imekolea kidogo kuliko kwingine. Nikatandika mkeka sawia na hapo. Nikajipongeza kimoyomoyo. Mkubwa alikuwa ameshafika magotini niliposikia filimbi.

Kijana mlinzi wa waogeleaji akaja kwa mwendo wa haraka, akamtoa mtoto, akanisimamisha kando yake. "Dada, tazama lile povu linaenda wapi."

Nikatazama. Povu la kulia na kushoto lilikuwa linakuja kwetu. La katikati lilikuwa linaondoka, taratibu, likielekea kilindini kama limepanda gari.

Maji yanayosukumwa ufukweni na mawimbi lazima yarudi, akanieleza. Yanatafuta upenyo kwenye fungu la mchanga lililo chini ya maji, yanatoka kwa pamoja kama mto. Pale penye upenyo pana kina, ndiyo maana mawimbi hayavunjiki, na ndiyo maana akina mama wengi hutandika mkeka hapo. Mkondo wenye nguvu hupita mita 2 kwa sekunde, hakuna mtu anayeogelea kushindana nao akashinda. Haukuvuti chini, unakupeleka nje, na kinachoua ni kuchoka. Ukikushika, elea, punga mkono, ogelea sambamba na ufukwe mpaka uuache, kisha rudi pale mawimbi yanapovunjika.

Jioni hiyo sikulala mapema. Nilisoma habari za Bondi, Sydney, tarehe 6 Februari 1938: mawimbi makubwa yaliwang'oa mamia ya watu kwenye fungu la mchanga, wakaokolewa kama 250, wakafa watano. Makumi ya waokoaji walikuwa ufukweni siku ile. Tangu hapo ufukwe wenye mawimbi usio na mlinzi mimi siufikirii, hata kama ni bure. Na bendera nimezijua. Kati ya mbili za nyekundu na njano ndipo pa kuogelea. Nyekundu tupu ni hatari kubwa, zikiwa mbili maji yamefungwa. Zambarau, kuna viumbe wanaochoma. Ukiona mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa, upepo unavuma kwenda baharini, kwa hiyo yale maboya ya kupuliza yabaki mchangani.

Nyota mbili, na zote ni za yule kijana.

Ufukwe wa tatu hauna picha nzuri hata moja mtandaoni. Mchanga wake ni wa kijivu, maji hayana rangi ya kadi ya posta. Niliupata kwa kufanya kazi. Kwanza nilisoma ratiba ya maji, nikachagua wiki ambayo mwezi uko robo, maana hapo ni maji mafu na hayatoki mbali. Halafu nikafungua picha za setilaiti za tarehe mbalimbali, nikaona ghuba ndogo kati ya rasi mbili, mawimbi yakiwa nje, ndani kumetulia. Nikasoma maoni ya wageni, hasa ya nyota tatu. Wa nyota tano wamependa mno na wa nyota moja wamegombana na mtu wa mapokezi. Mwisho nikapiga simu, nikauliza mambo mawili: mlinzi yupo saa ngapi hadi saa ngapi, na choo kiko umbali gani. Wana pia Bendera ya Buluu, ule mpango ulioanzia Ufaransa mwaka 1985, unaoangalia usafi wa maji, usalama na huduma. Inasaidia, ila haikuambii maji yatakuwa wapi saa saba mchana.

Tulipofika nilisugua mchanga kiganjani kabla ya kusema neno. Laini kama unga wa sembe. Nikaingia majini nikihesabu: hatua 42 ndipo yakafika kiunoni kwa mkubwa. Ule mchanga ukilowa unakuwa mgumu, kwa hiyo mama mkwe alitembea kila asubuhi bila goti kudidimia, na wa kati alijenga ngome iliyosimama mpaka maji yalipoifuata. Mkubwa alitaka kuchimba shimo la kujificha. Nikaweka sheria kwamba lisipite goti la mdogo, kwa sababu kuta za mchanga huporomoka bila taarifa.

Ubaya upo. Kijito kinaingia baharini mwisho wa ghuba, na mvua iliponyesha usiku asubuhi maji yalikuwa na rangi ya chai. Tulikaa siku mbili bila kuogelea, watoto wakinung'unika. Mti wa kivuli ni mmoja, na kabla ya saa tatu asubuhi una wenyewe. Mwavuli tulikuwa nao, lakini mchanga mkavu hurudisha kama asilimia 15 ya miale inayounguza ngozi, na kitinda mimba aliiva pua akiwa kivulini. Kofia na krimu, hata chini ya mwavuli.

Nyota nne na nusu. Tumeshaweka nafasi tena, na mama mkwe ndiye aliyeniuliza mwezi utakuwa robo lini.