Cherehani nyeusi ya kukanyaga: inafaa nini, inashindwa wapi, na namna ya kuijaribu dukani

Anayependa kupendeza kwa nguo alizojishonea akiingia madukani Mwanjelwa, Mbeya, au Iringa mjini, ataoneshwa mashine za aina mbili. Ipo ile ndogo ya umeme, ya plastiki, nyepesi, yenye mishono chungu nzima. Na ipo nyeusi: kichwa cha chuma, meza ya mbao, kanyagio chini. Jina laweza kuwa Butterfly, Singer au jingine, ila nyingi zinafuata umbo la zamani la Singer 15, ndiyo maana bobini (kigurudumu kidogo cha uzi wa chini) na sindano zake hazisumbui kupatikana. Hii nyeusi ndiyo tunayoipendekeza kwa mshonaji wa nyumbani wa Nyanda za Juu Kusini, na sababu ya kwanza ni baridi.

Nguo ya Juni na Julai Mbeya, Njombe au Makete haiwi ya tabaka moja. Ni kitenge chenye bitana, koti la drili (kitambaa kizito cha pamba), sketi nzito. Mkanda wa sketi yenye bitana ukikutana na mshono wa ubavuni, sindano inakutana na tabaka sita hadi nane. Mota ndogo hapo huunguruma na kukwama. Hii unaachia kanyagio, unashika gurudumu la juu kwa mkono wa kulia na kulizungusha kuelekea kwako mshono mmoja mmoja, na sindano namba 100/16 inapita bila kupinda. Umeme ukikatika usiku wa kuamkia harusi, unahitaji taa tu.

Mshono wake ni mmoja, ulionyooka. Wengi huona hilo ni upungufu, sisi tunaona ndipo uzuri wake ulipo. Nguo hukaa vizuri mwilini kwa mshono ulionyooka, uliopigwa pasi kabla haujakatizwa na mshono mwingine. Mashine hii kichwa chake ni kizito, haitetemeki, na ikiwekwa kwenye urefu wa milimita 2.5 kwa kitenge hutoa mstari safi mno. Kwa kupiga bandi ya kujaribishia, peleka hadi 4 ili uzi ufumuke kirahisi.

Kinachokosekana ni zigizaga, mshono wa kwenda huku na huku, kwa hiyo kingo za ndani zitatoka nyuzi usipozifunga. Si lazima ukimbilie kwa fundi wa ovaloki, mashine ya kufunga kingo. Kwa kitenge na vitambaa vyepesi tumia mshono wa kufunika: weka kitambaa upande wa ndani kwa ndani, shona sentimita 0.5 kutoka ukingoni, punguza hadi milimita 3, piga pasi, geuza ili pande za nje zikutane, kisha shona tena sentimita 0.7. Ukingo wote unamezwa ndani, na gauni hata likigeuzwa linapendeza. Wakati wa kukata acha sentimita 1.2. Kwa drili na vitambaa vizito njia hii hufanya uvimbe, huko ovaloki ni muhimu. Vitambaa vya kuvutika, kama vya fulana, usivitegemee kwenye mashine hii. Mshono ulionyooka hukatika mwili ukijinyoosha.

Lalamiko linalorudi kila mara ni uzi kurundikana chini ya kitambaa. Mtu hukimbilia kukaza skrubu ya kesi ya bobini, na hapo ndipo anapoharibu mshono zaidi. Rundo likiwa chini, tatizo karibu siku zote liko juu: uzi haukuingia katikati ya visahani vya kukazia. Inua mguu unaokandamiza kitambaa ndipo utunge uzi, maana mguu ukiwa chini visahani vimebanana na uzi hukaa ukingoni. Ukishatunga, shusha mguu na vuta: uzi uwe mgumu kidogo. Kwenye tundu la sindano, uzi huingia siku zote kutokea upande wenye mfereji mrefu. Sindano ikigeuzwa, mshono unaruka au haushiki kabisa.

Kesi ya bobini ipime hivi. Tia bobini, ining'inize kwa uzi wake. Ikianguka moja kwa moja, imelegea. Ukiitikisa na isishuke hata kidogo, imebana. Iliyo sawa hukaa, na ukiitikisa inashuka kidogo na kusimama tena. Skrubu yake izungushwe robo tu, kisha jaribu tena.

Kosa la pili ni la miguu. Kanyagio ikianza kwa kinyume, gurudumu hurudi nyuma na uzi hukatika au hujifunga kwenye shato, ile ndoano ya chini inayonasa uzi wa juu. Mguu mmoja uwe mbele kidogo ya mwingine, mkono uanzishe gurudumu kuelekea kwako, ndipo miguu ipokee. Anayeanza afanye mazoezi bila uzi, kwenye karatasi yenye mistari, mpaka matundu yafuate mstari. Mkanda wa ngozi ukilegea gurudumu la chini huzunguka bure. Ufupishe kidogo kidogo, kwa kuwa ukibana sana mashine inakuwa nzito na magoti yatauma.

Mafuta yawe ya cherehani. Ya kupikia huganda na kuwa gundi, na asubuhi za baridi huku mashine iliyopakwa hayo haigeuki. Ikishakuwa nzito, tia mafuta ya taa kidogo kwenye matundu, zungusha, futa uchafu unaotoka, halafu tone moja la mafuta sahihi kila tundu. Shona kwanza kitambaa chakavu, la sivyo gauni litapata doa. Wa Tukuyu, ambako mvua ni nyingi, wafunike kichwa kwa kitambaa cha pamba wala si nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu na sahani ya sindano hushika kutu.

Dukani nenda na vipande vyako: kitenge tabaka mbili, drili tabaka nne, na kitambaa chepesi kama cha skafu. Sindano 90/14 kwa kitenge, 100/16 kwa drili, 75/11 kwa chepesi. Mashine ikikunja chepesi lakini drili inapita, badili sindano kabla ya kuikataa. Kisha mwombe muuzaji atoe kesi ya bobini, umulike shato na kupitisha uzi kwenye ncha yake. Uzi ukinasa, kuna mkwaruzo, na mkwaruzo huo utakata uzi kila siku. Angalia pia sahani ya sindano: tundu lililochakaa pembeni linaonyesha sindano imekuwa ikigonga. Kwa mashine iliyotumika, haya mawili yana uzito kuliko rangi au nakshi za dhahabu.

Meza zake ndizo dhaifu. Nyingi siku hizi ni za mbao za kubandika na huvimba zikipata maji, hivyo usiziache zilowe.

Siku hiyo hiyo nunua bobini tano, mkanda wa akiba, sindano za namba zote tatu na kesi ya pili. Hiyo kesi ya pili iwekwe kwenye mashine yako na kushonewa mbele yako, kwani kuna zinazofanana kwa macho lakini hazikai sawasawa na huachia uzi kila sindano inapopanda.