Oracle Database Free kwa nyumba za wageni Lamu: injini ni imara, faili za udhibiti zihamishe mapema

Nyumba ya wageni ya vyumba 20 haihitaji zaidi ya toleo hili la bure la hifadhidata ya Oracle: data hadi gigabaiti 12, RAM gigabaiti 2. Buking, malipo na stoo vinaenea bila taabu. Kasoro yake iko kwenye faili za udhibiti. Kwa seva inayokaa kwenye hewa ya chumvi, na diski ya spea lazima ifike Mokowe, bandari ya bara, kwanza ndipo ivushwe kwa boti, kasoro hiyo ni nzito.

Faili ya udhibiti ni ndogo, lakini ndiyo inayojua jina la hifadhidata, mahali pa kila faili ya data na ya redo (inayotunza kumbukumbu za mabadiliko), na chekipointi ya mwisho, yaani hadi wapi mabadiliko yameshaandikwa kwenye faili za data. Oracle huwaka kwa hatua tatu: NOMOUNT husoma vigezo, MOUNT hufungua faili ya udhibiti, OPEN hufungua data. Faili hiyo ikikosekana, utakwama hatua ya pili kwa kosa la ORA-00205, hata kama data yote ni nzima.

Usakinishaji huweka control01.ctl na control02.ctl ndani ya folda moja. Diski ikifa, zimekwenda zote.

Ihamishie moja kwenye diski ya pili, ya ndani. Diski ya USB haifai kabisa: Oracle huandika nakala zote kwa pamoja, kwa hiyo mtu akichomoa waya, hifadhidata nzima husimama. Badilisha kigezo cha CONTROL_FILES kwa SCOPE=SPFILE (kwenye faili ya vigezo inayosomwa wakati wa kuwasha), ukitaja njia zote mbili. Zima kwa SHUTDOWN IMMEDIATE, kopi faili, kisha STARTUP, na uhakikishe kwa V$CONTROLFILE, orodha ya faili za udhibiti zinazotumika. Wengi hukopi kabla ya kuzima, wakapata ORA-00214: nakala hazilingani. Mpangilio ukiwa sawa, nakala moja ikiharibika unaifunika kwa ile nzima na kuwasha tena. Hakuna data inayopotea.

Kwenye RMAN, zana ya bakapu ya Oracle, hakikisha CONTROLFILE AUTOBACKUP (bakapu ya moja kwa moja ya faili ya udhibiti) iko ON. Kuna jambo jingine linalosahaulika mno: rekodi za bakapu ndani ya faili hii hulindwa siku 7 tu, kisha huweza kufutwa na mpya. Anayefanya bakapu kamili mara moja kwa mwezi apandishe CONTROL_FILE_RECORD_KEEP_TIME hadi siku 40. Na ukilazimika kurudisha faili ya udhibiti kutoka kwenye bakapu, fanya RECOVER kwanza (kurudishia mabadiliko kutoka kwenye redo), ufungue kwa RESETLOGS (redo zianze upya), kisha uchukue bakapu mpya siku hiyo hiyo.