Kadi ya Sauti, Maiki Moja na Msambazaji: Uchambuzi kwa Mstaafu Anayerekodi Nyumbani Ughaibuni

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Na wazee wenzangu mnaonitazama mkiwa mbali na kwenu, leo nazungumza na ninyi hasa.

Hapa mezani nina Focusrite Scarlett 2i2, kadi ya sauti inayounganisha maiki na kompyuta, kizazi cha nne, kile kilichotoka mwaka 2023. Pembeni yake ipo maiki ya Shure SM58. Wachambuzi wengi wameshaviongelea vifaa hivi, lakini wanamuongelea kijana anayejenga studio. Mimi namfikiria mtu mwingine: amestaafu, amehamia nchi ya watu, ana nyimbo alizozibeba kichwani miaka yote ya kazi, na sasa muda anao. Huyu maswali yake ni tofauti. Je, kifaa kitafanya kazi hapa nilipo bila kumtafuta fundi? Na nyimbo zangu zitabaki hewani siku nitakaposhindwa kuzihudumia mwenyewe? Kila nitakachokisema leo nakipima kwa maswali hayo mawili.

Tuanze na umeme, maana ndio unaowaumiza waliohama. Kuna nchi zenye umeme wa volti 100 hadi 120, na nyingine volti 220 hadi 240. Kinanda ulichokuja nacho kutoka kwenu huenda kimetengenezwa kwa volti za upande mmoja tu. Geuza adapta yake usome maandishi yale madogo. Ukiona imeandikwa 100–240V, badilisha plagi tu na maisha yaendelee. Ukiona namba moja peke yake na haifanani na umeme wa hapo ulipo, usichomeke, unaweza kuiunguza. Itahitaji transfoma. Scarlett hii haina shida hiyo kabisa, kwa sababu inapata umeme kutoka kwenye kompyuta kupitia waya wa USB. Unaipeleka nchi yoyote. Kwa mtu ambaye huenda akahama tena, au anayekwenda kukaa na watoto miezi kadhaa kila mwaka, hiyo ni sifa kubwa kuliko zote zilizoandikwa kwenye boksi.

Sasa angalieni hapa mbele. Kila kitufe cha kuzungusha cha kupanga sauti inayoingia kimezungukwa na pete ya taa. Kijani maana yake sauti inaingia vizuri, rangi ya chungwa umekaribia mwisho, nyekundu imepasuka. Hata kama miwani umeisahau chumbani, unaiona. Halafu kuna kitufe kimeandikwa Auto. Unakibonyeza, unaimba au unapiga gitaa kama sekunde kumi hivi, yenyewe inapanga kiwango cha kuingiza sauti. Imba kwa nguvu utakayoitumia kwenye kibwagizo, usiimbe kwa kunong'ona, vinginevyo itakupangia kiwango cha kunong'ona. Pembeni yake kipo kitufe cha Safe, chenyewe kinashusha kiwango pale sauti inapotaka kupasuka. Ukirekodi peke yako, huna mtu wa kukaa upande wa pili wa kioo na kukulindia mita. Vitufe hivi viwili ndiye huyo mtu. Kwa sababu yake peke yake ningemshauri mstaafu achukue 2i2 badala ya mdogo wake, Solo, ambayo haina Auto wala Safe.

Kuna kitufe kingine watu wanakipita: Direct. Ukiimba halafu ukajisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa, sauti ikipita kwanza kwenye kompyuta, utayumba kwenye mapigo na utadhani uzee umekuingia kwenye muziki. Hapana. Ni kompyuta ndiyo inayochelewa. Bonyeza Direct ujisikie moja kwa moja kutoka kwenye kadi.

Maiki. SM58 ipo sokoni tangu 1966, na bado naiweka mbele ya maiki nyingi za kondensa kwa kazi hii. Sababu ni chumba chako. Wengi wetu huku tunakaa kwenye nyumba za kupanga zenye sakafu ya vigae, madirisha makubwa ya kioo na majirani upande wa pili wa ukuta. Maiki ya kondensa ni nyepesi wa kusikia: itachukua mwangwi wa chumba, friji na lifti. SM58 inasikia zaidi kile kilicho karibu na mdomo wake. Isogelee, upana wa vidole vinne hivi, imba ukielekea kwenye kabati la nguo lililo wazi au pazia zito. Ukiisogelea karibu zaidi ya hapo besi inapanda, na waimbaji wa sauti nzito wataipenda mpaka waizidishe. Haihitaji umeme wa volti 48 ambao kadi huupeleka kwenye maiki za kondensa, kwa hiyo kitufe cha 48V kiache kimezimwa. Inachohitaji ni kadi yenye nguvu ya kuipandisha, na kizazi hiki cha 2i2 kinafika desibeli 69, zinatosha bila kununua kifaa cha ziada.

Programu ya kurekodia nitaipita haraka. Ukiwa na Mac, GarageBand ni ya bure na inatosha. Ukiwa na kompyuta nyingine, Audacity ni ya bure pia. Rekodi kwa biti 24, faili za WAV, usirekodi MP3. Basi.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo: masikio. Umri unapokwenda, zinazopotea kwanza ni sauti kali za juu kabisa, zile za simbali na za herufi "s". Hazipotei kwa siku moja, kwa hiyo huoni tofauti. Matokeo yake ukichanganya wimbo unaona umefifia, unaongeza trebo, unaongeza tena, na unaridhika. Mjukuu akiusikiliza anaziba masikio. Dawa ipo. Weka kwenye programu wimbo wa msanii unayemwamini, unaofanana na wako, uwe unaruka kati ya huo na wako kila baada ya muda mfupi, kwa sauti ile ile. Ukiona wa kwake nao umefifia, basi tatizo haliko kwenye wimbo wako. Pili, tumia kile kioo kinachochora masafa ya sauti. Audacity inacho, na macho hayadanganyiki kama masikio. Tatu, kabla ya kuutoa, mtumie mtu mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, na umwambie aseme ukweli kuhusu "s" tu, asiseme kama wimbo ni mzuri. Na wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia: vingi vimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo na vinabana muziki. Muulize mtaalamu wako kama chako kina mpangilio wa muziki. Hili nalisema kwa moyo wote, kwa sababu wapo watu wenye nyimbo nzuri sana wanaoacha kwa kuambiwa "mziki wako unakwaruza", kumbe ni trebo.

Haya, wimbo umekamilika. Unautoaje? Kupitia msambazaji, yaani kampuni inayokupelekea nyimbo Spotify na kwingineko. Nalinganisha wawili. DistroKid inalipiwa kila mwaka, unapakia nyimbo nyingi utakavyo, na mapato hawayakati. Kwa kijana anayetoa wimbo kila mwezi ni mpango mzuri. Lakini jiulize, kadi ya benki ikiisha muda wake ukiwa hospitalini, nani atalipa? Ada isipolipwa, nyimbo zinaweza kuondolewa, isipokuwa kama umelipia nyongeza yao ya kuziacha zibaki. CD Baby inalipiwa mara moja kwa kila toleo, wao wanachukua asilimia 9 ya mapato, na hakuna ada ya kila mwaka ya kukumbuka. Kwa mstaafu, mimi nachagua huo mpango wa pili bila kusita. Asilimia 9 ya fedha ndogo ni fedha ndogo, ila wimbo kuendelea kuwepo wajukuu wakikua ni jambo kubwa.

Na fedha kweli zitakuwa ndogo. Tangu 2024, Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Kwa hiyo weka albamu yako Bandcamp pia, ambako ndugu na marafiki wananunua moja kwa moja kutoka kwako na Bandcamp wenyewe wanakata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Fedha za Bandcamp zinakufikia kupitia PayPal, mfumo wa malipo wa mtandaoni, kwa hiyo kwanza hakikisha PayPal ya nchi unayoishi inaruhusu kupokea fedha, kwa sababu kuna nchi inaruhusu kutuma tu.

Kwenye fomu za kodi, makampuni ya Marekani yatakutaka ujaze W-8BEN kama wewe si raia wala mkazi wa kikodi wa Marekani. Nchi ya kuandika pale ni ile unayolipia kodi kama mkazi, si lazima iwe ile uliyozaliwa. Raia wa Marekani anajaza W-9 hata akiishi nje. Na kibali chako cha kuishi kama mstaafu, kisome. Vingine vinakataza kazi ya malipo, na kupanda jukwaani hotelini kwa bahasha kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Uliza idara ya uhamiaji kabla hujapanda.

Ukirudia nyimbo za ujanani mwako, tafuta leseni. Kuimba upya hakukufanyi mwenye wimbo.

Jambo la mwisho ni daftari. Kila rekodi inapewa namba ya ISRC, namba ya kuitambulisha rekodi hiyo, yenye herufi na tarakimu 12 kwa jumla. Ziandike zote, pamoja na majina ya akaunti, jina la msambazaji, chama cha hakimiliki ulichojiunga nacho, na mgawanyo kama mlitunga wawili. Nyimbo ni mali inayorithiwa, basi ziingie kwenye wosia. Faili za WAV, pamoja na zile za kila ala peke yake, ziweke kwenye diski mbili, moja ikae kwa mtoto anayeishi nyumba nyingine. Ukija kubadilisha msambazaji, mpe ISRC zile zile, ili hesabu ya waliosikiliza isianze upya.

Video ijayo nitarekodi gitaa na sauti kwa pamoja kwenye 2i2 hii hii, maiki mbili, chumba hiki hiki, bila kuhariri, mjisikilizie wenyewe. Kama una ala ya asili ambayo hujui maiki uielekeze wapi, iwe zeze, marimba au ngoma, iandike hapo chini nikujaribie.